Vidonge Kwenye Droo ya Kinyozi

Mama Pacha alidhani ni pete.

Alikuwa kwenye meza ya saruji ya chumba cha dobi, nyuma ya wodi, mbele yake mlima wa mashuka na foronya za asubuhi, zikinuka jasho, dawa na damu iliyokauka. Kidole chake kiligusa kitu kigumu, chembamba, kwenye kona ya foronya. Akavua glavu ya mkono wa kulia. Glavu zenyewe zilikuwa nene kama soli za viatu, jozi nne kwa madobi saba, na aliyezivaa hawezi kutofautisha pete na kifungo. Akaingiza vidole viwili, akasukuma hadi konani.

Haikuwa pete.

Pale dobini walikuwa na desturi yao, haikuandikwa ukutani lakini iliheshimiwa kuliko zote zilizoandikwa: kinachopatikana ndani ya nguo za wodini ni cha mkono uliokipata. Sarafu, vijiko, hereni; safari moja meno ya bandia, wakayachekea siku mbili mpaka mwenyewe alipokuja kuyadai, leso mdomoni. Kwa hiyo kabla nguo haijalowekwa, dobi huipapasa pindo kwa pindo, mkono mtupu, macho yakiwa kwingine. Wenyewe waliita kusoma shuka. Na Mama Pacha alikuwa msomaji hodari, hakuna aliyebisha.

Sindano ilikuwa imezama kwenye kidole cha kati, karibu nusu ya urefu wa ukucha. Akaivuta. Ilitoka pamoja na bomba lake, na ndani ya bomba mlikuwa na damu kidogo ya mtu asiyemjua.

Dobi wa pembeni yake aliona. Akasogeza beseni lake hatua moja kando. Hatua ile ilimchoma Mama Pacha kuliko sindano.

Msimamizi wao walimwita Kipenga, maana alikuwa hamwiti mtu kwa jina. Alipuliza kipenga, na ole wake atakayechelewa kugeuka. Alikuja, mikono nyuma, akaitazama sindano kwa mbali kama anayetazama kinyesi cha mbwa.

"Imekuchoma mkono upi?"

"Huu, bosi."

"Na glavu ya mkono huo iko wapi?"

Mama Pacha akatazama meza. Glavu ilikuwa imelala pale, imefungua mdomo.

"Kwa hiyo ulikuwa unasoma," Kipenga akasema.

"Nilihisi kitu kigumu, nikasema nikitoe kabla—"

"Ulikuwa unapekua mali za wagonjwa. Sasa unataka niandike fomu ya ajali niseme nini? Kwamba mwizi ameumia akiwa kazini?"

Madobi sita wakainamia mabeseni yao. Wote sita walikuwa wasomaji kama yeye.

"Bosi, wewe mwenyewe hiyo saa uliyovaa ilitoka kwenye shuka la wodi ya wanaume. Niliisoma mimi, ukaichukua wewe."

Kipenga akashusha mkono wa shati taratibu mpaka saa ikapotea. Kisha akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Kakamue hiyo damu, upake spiriti, urudi mezani. Ukitaka fomu nitakuandikia. Ila itakuwa ya kukufukuza."

Akakamua. Alikamua mpaka kidole kikawa cheupe kama cha maiti, halafu akakitumbukiza kwenye maji ya kung'arishia mashuka na kukiacha humo mpaka machozi yakamtoka. Jioni akarudi nyumbani, akapika, akaosha watoto wake pacha, akamwandalia mama mkwe maji ya kuoga. Hakumwambia mtu. Na mumewe alipomgusa usiku, hakukataa, kwa sababu kukataa kungehitaji maelezo.

*

Kesho yake mpiga pasi, mwanamke mzee kuliko wote pale, alimvuta nyuma ya pipa la makaa.

"Kwani wewe umeamua kufa kimya kimya?" akamuuliza. "Chumba namba tisa hukijui?"

"Dada, kile si cha wale..."

"Cha wale wapi? Kuna dawa ya mtu aliyechomwa. Mhudumu wa maabara alipewa mwaka juzi. Lakini inahesabiwa saa, siyo siku. Wewe kaa hapa uogope benchi."

Benchi la nje ya namba tisa lilikuwa refu, limetazamana na njia ya kwenda jikoni, wodini na maabara, hata ungedhani aliyeliweka alitaka kila apitaye asome nyuso. Mama Pacha akakaa ukingoni, kitambaa cha kichwa kimeshuka hadi kwenye nyusi. Wafagiaji wawili wakapita, wakamtazama, wakatazamana.

Muuguzi wa namba tisa alikuwa na sauti ya mtu aliyeuliza maswali yale yale tangu asubuhi.

"Shida?"

"Nimechomwa na sindano. Dobini."

"Lini?"

"Jana saa nne asubuhi."

Muuguzi akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa alasiri. "Saa ishirini na tisa. Ulikuwa wapi saa zote hizo, mama? Sokoni?"

"Bosi alisema nipake spiriti."

"Bosi wako daktari?"

"Msimamizi."

"Na kidonda ulikifanya nini?"

"Nilikikamua. Nikakitia kwenye maji ya kung'arishia."

"Hapana! Maji yanayotiririka na sabuni, basi. Kukamua na kuunguza ni kujitesa bure." Akavuta daftari. "Sasa nisikilize, foleni unaiona. Hatujui kama damu ile ilikuwa na virusi vya UKIMWI. Hata kama ilikuwa navyo, wengi wanaochomwa hawaambukizwi. Lakini hatukai kubahatisha. Virusi vikiingia vinahitaji muda kabla havijajenga makao mwilini. Dawa hii inavizuia visijenge. Inaanzwa ndani ya saa sabini na mbili, na kila unavyowahi ndivyo inavyosaidia. Ungekuja siku ya nne, ningekupa pole tu."

"Na fomu? Bosi amekataa kuniandikia fomu."

"Fomu ni ya kudai haki yako, na hiyo tutaidai baadaye. Kidonge hakisomi fomu."

Akamtoboa kidole kingine, akadondosha damu kwenye kipimo, wakasubiri. Mstari mmoja ukajitokeza.

"Leo huna. Hiki kinaonyesha ulivyokuwa kabla ya jana. Utapima tena ukimaliza dawa, na tena ikitimia miezi mitatu. Kidonge kimoja kila siku, saa ile ile, siku ishirini na nane. Siyo ishirini na saba. Kitakutia kichefuchefu siku za kwanza, usikiache. Mume unaye?"

"Ninaye."

"Jana mlikutana?"

Mama Pacha akatazama sakafu. "Ndiyo."

"Hatari kwake ni ndogo mno, karibu haipo. Lakini mlete apimwe, nimweleze mwenyewe. Na mpaka majibu ya mwisho, mtumie hizi." Akamsukumia boksi la kondomu juu ya meza, mlango ukiwa wazi. "Meza cha kwanza hapa mbele yangu. Siku ya kumi na nne uje na chupa, nihesabu."

*

Mumewe alikuwa kinyozi, na duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: kiti kimoja cha kuzunguka, vioo viwili, benchi la wateja, na pazia lililotenganisha biashara na maisha. Mama Pacha akasubiri mteja wa mwisho aondoke. Kisha akasimama penye pazia, akasema yote, kwa mpangilio, kama alivyoelezwa. Akaweka chupa kwenye rafu, na boksi pembeni yake.

Kinyozi akaendelea kufuta wembe. Akafuta, akafuta.

"Uliingiza mkono wapi?"

"Kwenye foronya, Baba Pacha. Nimeshasema."

"Sindano gani hiyo inayojificha kwenye foronya? Mimi nataka jina la mwanaume."

"Mwanaume gani?"

"Hizi dawa nazijua! Mke wa muuza mkaa anazo, mpaka leo anameza. Hizi ni za walio nao."

"Ni hizo hizo. Yeye anameza aishi nao, mimi nameza nisiupate."

"Dawa ya ugonjwa ambao hujaupata!" Akacheka, kicheko kisichofika machoni. "Hospitali gani hiyo inayotibu mzima?"

Pazia likatikisika. Mama mkwe alikuwa nyuma yake muda wote, na sasa hakuona haja ya kujificha.

"Nilisema mimi," akasema, akijifunga kanga upya kama anayejiandaa kwa ngumi. "Siku ile ya kwanza unamleta nilikwambia, mwanangu, huyu ana mikono isiyotulia. Leo imemletea alichokuwa anakitafuta."

"Mama, ni ajali ya kazini."

"Ajali ya kazini haiji nyumbani na boksi la mipira! Unaona haya, wewe? Mbele ya mama mkwe wako?"

"Nani mwingine anajua?" Kinyozi akauliza ghafla. Na hapo Mama Pacha akaona kwamba suala la mwanaume lilikuwa mlangoni tu. Ndani ya nyumba kulikuwa na jambo jingine. "Nani amekuona ukikaa kwenye lile benchi?"

"Wanaopita."

"Wanaopita! Mimi nashika wembe, mwanamke. Watu wananiachia shingo zao. Wakisikia mke wa kinyozi anameza hivi, kesho nitanyoa mbuzi." Akanyakua chupa, akaifungia kwenye droo ya chini ya kioo, alimokuwa akitupa mashine mbovu za kunyolea, akazungusha ufunguo, akautia mfukoni. "Haitakaa ovyo humu ndani wateja wakaiona. Nitakupa mwenyewe, kimoja kimoja, kabla sijafungua duka. Hutaki, rudisha huko ulikoitoa."

Mama Pacha alitaka. Alikuwa na watoto wawili wa miaka sita, na siku ishirini na saba mbele yake. Akarudi nyuma ya pazia.

*

Kila alfajiri, saa kumi na mbili, alisimama mbele ya kioo na kikombe cha maji mkononi, na mumewe akafungua droo akiwa amempa mgongo. Chupa ililia, kifuniko kikafungwa, kidonge kikatua kwenye kiganja chake bila vidole kugusana. Alimeza palepale, kwa sababu mume alitaka aone. Siku ya tatu alitapikia uani, baada ya saa nzima, na mama mkwe akamwagia majivu pale mahali kabla hajamaliza kufuta mdomo.

"Pole, Mama Pacha," jirani akasema kwa juu ya ukuta. "Kuna kingine kinakuja nini?"

"Hakuna kinachokuja," mama mkwe akajibu kwa niaba yake. "Kinachoondoka ndicho kinachotusumbua."

Akatengewa sabuni. Akatengewa kamba ya kuanikia. Watoto wakahamishiwa kitanda cha bibi yao, na mmoja akamuuliza mama yake, mbele za watu, kama ni kweli ana kidudu kwenye kidole, akaomba akione. Kazini nako Kipenga alimwondoa mezani. "Mwenye mikono mirefu asukume gari," akatangaza, na tangu siku hiyo Mama Pacha akawa msukuma gari la nguo chafu, kutoka wodini hadi dobini, kupita mbele ya benchi lile lile la namba tisa mara kumi kwa siku. Hivyo hata aliyekuwa hajui akaambiwa na waliojua.

Ajabu ni kwamba kichefuchefu kilipomwacha yeye, Kinyozi ndiye aliyeanza kusukuma sahani. Chakula akakiona kichungu. Asubuhi akatema mate njiani. Mama mkwe akasema mwanawe anamalizwa na mawazo, na akaeleza mawazo hayo yametokana na nani.

*

Siku ya kumi na nne, baada ya kumeza, Mama Pacha hakuondoka penye kioo.

"Naomba chupa."

"Chupa ya nini?"

"Muuguzi anataka kuihesabu."

"Kwani yeye ni mwalimu wa hesabu? Mwambie unameza, basi."

"Baba Pacha, nisipoipeleka atakuja mwenyewe. Na gari lao limeandikwa ubavuni."

Gari hilo halikuwepo. Alilitunga pale pale. Kinyozi akaifunga chupa ndani ya gazeti, tabaka tatu, akampa.

Kwenye namba tisa muuguzi akamwaga vidonge kwenye kisahani, akavisukuma kwa ncha ya kalamu, viwili viwili. Akarudia. Akavua miwani.

"Umemeza vingapi?"

"Kumi na vinne, pamoja na cha leo."

"Basi vibaki kumi na vinne. Hapa vipo tisa. Vitano viko wapi?"

"Sijui."

"Hujui. Unauza? Sema tu, siyo wa kwanza. Kuna watu mtaani wanavitafuta kwa siri, na kuna wajinga wanaowauzia uhai wao. Ungefika siku ya ishirini na tatu, siku tano za mwisho ungemeza mate! Halafu uje hapa unililie kwamba dawa haifanyi kazi?"

"Siuzi, Sista. Havikai kwangu. Vinakaa..." Akakoma. Aliona mgongo wa mumewe ulivyoinama mbele ya droo, kila alfajiri, ukikaa pale kidogo zaidi ya inavyohitajika. Aliona sahani iliyosukumwa. Mate ya njiani. "Vinakaa kwa mume wangu."

Muuguzi akavaa tena miwani. Sauti yake ilipotoka haikuwa laini, ila ilikuwa imehamia upande wake.

"Anaviiba?"

"Anavimeza. Siku ile ya kwanza tulilala pamoja. Anaogopa."

"Anaogopa, na haji?"

"Ni kinyozi. Anasema wateja wakimwona kwenye benchi lako, duka limekufa."

"Sasa mwambie hivi kutoka kwangu. Vidonge vitano vya kudokoa havimkingi na chochote. Ni kama kuvaa mkono mmoja wa koti la mvua. Na kama tayari anao na hajui, kudokoa hivyo kunafundisha virusi kuizoea dawa, na siku atakapoihitaji kweli itamkataa. Anachotakiwa ni kupimwa, dakika kumi na tano." Akafungua kabati, akahesabu vitano, akavitia kwenye chupa. "Hivi ni vyako. Ufunguo usiwe wa mwingine."

*

Akaenda moja kwa moja nyumbani. Haikuwa saa yake ya kurudi. Dukani fundi bomba alikuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, na wawili walikuwa benchini. Mama Pacha akapita mlango wa wateja, ambao hakuwahi kuupita tangu aolewe, akakaa benchini na wanaume, chupa mapajani, bila gazeti.

Mashine ikanguruma hewani mbali na kichwa.

"Mama Pacha, leo nawe unanyoa?" mmoja akatania.

"Nangoja zamu. Kinyozi ana vitu vyangu vitano, nimekuja kuvichukua."

"Mpe mkeo haki yake, bwana!" fundi bomba akasema, wakacheka. Kinyozi naye akajaribu kucheka, kijasho chembamba kikimtoka. Alimaliza kile kichwa vibaya, akaacha mstari sikioni, akawaambia wale wawili umeme unasumbua, warudi jioni. Taa ilikuwa inawaka. Wakaondoka wakiitazama.

Akafunga mlango.

"Umekuja kuniua?"

"Vitano, Baba Pacha."

"Nilikuwa na wewe usiku ule!" Aliyasema kwa kunong'ona, lakini kwa nguvu zote, mishipa imemsimama. "Ulikuja kitandani unajua umechomwa, ukanyamaza. Kama wewe unahitaji, mimi je? Mimi siyo mtu?"

"Ni mtu. Na kunyamaza kwangu ni kosa langu, nalibeba. Muuguzi alisema njoo. Nilikwambia siku ile ile. Ukaniuliza jina la mwanaume."

"Niende kule? Nikae pale nje kama bidhaa?"

"Mimi nilikaa. Napita hapo mara kumi kwa siku, nasukuma mavi ya watu. Wiki mbili umenipa kidonge kama unayemtupia kuku punje, mama yako ananimwagia majivu, watoto wangu wananikimbia, na wewe nyuma ya mgongo huo unatafuna dawa yangu! Kama mimi ndiye mchafu, chupa yangu uliionaje safi?"

Pazia likafunguka. Mama mkwe alikuwa amesikia, na uso wake ulikuwa umepauka, lakini ulimi ulikuwa mzima.

"Mume akiumwa mke anamuuguza," akasema. "Kama mwanangu anavihitaji, mgawane. Ninyi si mume na mke?"

Mama Pacha akamgeukia. Kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile alimtazama machoni.

"Mama, asubuhi vilikuwa vya malaya. Mchana huu vimekuwa vya kugawana?"

Akanyoosha mkono kwa mumewe, kiganja wazi, ukakaa hapo mpaka ufunguo ukatua. Akafungua droo, akatazama humo: mashine mbovu, nyaya, nywele za watu wa miaka na miaka. Akaurudisha ufunguo juu ya rafu.

"Droo ni yako. Dawa natembea nayo."

*

Siku kumi na nne zilizobaki alimezea uani, jua likichomoza, mbele ya yeyote aliyetaka kutazama. Jirani alipouliza juu ya ukuta, alimweleza: sindano, saa sabini na mbili, siku ishirini na nane. Jirani akaomba aeleze tena, polepole, maana ana binti anayefanya kazi ya usafi zahanati. Kipimo cha kumaliza dawa kikatoa mstari mmoja. Kinyozi akahamia kulala kwenye kiti chake cha kuzunguka, akaendelea kunyoa watu. Kila Jumatatu alisema ataenda kupima, na kila Jumanne alikuwa na vichwa vingi.

Miezi mitatu ilipotimia, Mama Pacha akakaa tena kwenye benchi, bila kitambaa usoni. Muuguzi akadondosha damu, wakasubiri. Mstari mmoja. Mama Pacha akakishika kipimo, akakisogeza dirishani, akakisoma mwenyewe kama alivyozoea kusoma mashuka, upande huu na upande huu.

"Umemaliza," muuguzi akasema. "Huna. Na yeye?"

"Yeye hajaanza."

Alipofika nyumbani duka lilikuwa limefungwa mchana kweupe. Mume na mama mkwe walikuwa wameketi kwenye benchi la wateja, bega kwa bega, kama wanaosubiri mgonjwa atolewe chumba cha upasuaji.

"Wamesemaje?" Kinyozi akauliza.

"Kuhusu nani?"

"Kuhusu sisi."

"Sisi hatukuwepo. Nilikuwepo mimi."

"Mama Pacha, usinitese. Nimekosa, nimekubali. Nambie tu. Ukiwa huna, basi na mimi sina. Ukiwa nao..." Akainuka benchini. "Nambie neno moja, nipate usingizi."

Alikuwa amekonda. Kwa nukta moja Mama Pacha alimwonea huruma, na neno lenyewe lilikuwa fupi, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Kisha akaona anachoombwa.

"Ulimeza vidonge vyangu," akasema. "Sasa unataka umeze na majibu yangu. Hapana. Damu yangu imetolewa mara tatu kwa ajili yangu. Yako unayo. Wanafungua saa mbili."

"Mkamwana," mama mkwe akasema, na neno hilo hakuwahi kulitumia kwa upole. "Mimi je? Niambie mimi, kikongwe."

"Mama, hata wewe ukitaka, benchi ni refu."

Akaingia ndani, akawaita watoto wake waje waoge.

*

Ilimchukua Kinyozi siku tisa. Mama Pacha alikuwa anasukuma gari kutoka wodi ya wanaume, limejaa hadi juu, gurudumu moja likipiga kelele, alipomwona mwishoni mwa benchi. Kofia ilikuwa imeshuka mpaka puani.

Kabla hajamfikia, mtu mmoja akatokeza nyuma ya nguzo, kichwa kimenyolewa vizuri, kazi ya Kinyozi mwenyewe, mteja wake wa kila Jumamosi.

"Aa, Kinyozi! Kumbe na wewe?" yule mtu akasema, akashusha pumzi ndefu. "Nimejibanza hapa nyuma tangu saa mbili nikiogopa utaniona. Hebu sogea nikae, miguu imeniisha."

Kinyozi akasogea. Mdomo wake ulikuwa wazi. Wakakaa wawili wale, mnyoaji na mnyolewa, wakitazama mbele, hakuna aliyekuwa na la kumsimulia mwenzake wala la kumficha.

Ndipo Kinyozi alipoinua kofia akakutana na macho ya mkewe. Macho yake Kinyozi yalimwuliza mkewe tena lile swali, pale mbele ya watu wote, bila sauti.

"Miguu, jamani," Mama Pacha akasema. "Gari lina mzigo."

Akakunja miguu. Gari likapita. Nyuma yake mlango wa namba tisa ukafunguliwa, muuguzi akaita mwingine aingie, na benchi likalia kwa uzito wa mtu anayesimama. Mama Pacha hakugeuka kutazama ni nani.